Tepu ya Rimu Iliyokataa Kukaa: Uchambuzi wa Kisa cha Gurudumu Moja la Nyuma

Gurudumu ninalolichambua hapa ni la nyuma, la baiskeli ya milimani yenye matairi ya inchi 29, nalo liliingia katika karakana yangu mjini Arusha mara tatu ndani ya majuma sita, kila mara kwa lalamiko lile lile: tairi linajazwa jioni na kukutwa limelegea asubuhi, ilhali halina mwiba wala tundu linaloonekana. Mwenye baiskeli ni kijana anayeongoza wageni katika nyanda za kaskazini, kuanzia Monduli hadi kuelekea Ziwa Natron, mahali ambapo mbigili na miba ya mgunga humfanya mwenye tyubu ya kawaida ashinde akibandika viraka. Alihamia tyublesi, yaani matairi yasiyo na tyubu ndani, mwezi Machi kwa ushauri wa wenzake, na magurudumu yote mawili yalifungwa siku moja, na fundi mmoja, kwa tepu ya aina moja. La mbele lilitulia. La nyuma lilianza kusumbua mwishoni mwa Juni, na hapo ndipo likawa langu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulifungua gurudumu la namna hii, inafaa nieleze kwanza tepu hiyo inafanya kazi gani. Rimu ya kisasa kwa kawaida ni bomba la alumini lenye kuta mbili, na ukuta wa juu, ule unaotazamana na tairi, una matundu ya kupitishia vinati vya spoku, ambayo katika gurudumu hili ni 32. Tyubu ikiondolewa, matundu hayo hayana budi kuzibwa, na kinachoyaziba ni tepu nyembamba ya plastiki yenye gundi upande mmoja, inayozungushwa rimu nzima. Ndani ya tairi humiminwa dawa ya kuziba pancha, ambayo kwa kawaida ni utomvu wa mpira katika maji pamoja na kemikali za kuuzuia usigande mapema. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa, ilipoleta mfumo wake wa tyublesi uitwao UST mwaka 1999, iliikwepa tepu kabisa kwa kutengeneza rimu ambayo ukuta wake wa juu haukutobolewa kwa ajili ya spoku. Rimu nyingi zinazofika mikononi mwetu, hata hivyo, zimetobolewa, na kwa hiyo tepu ndiyo pazia pekee lililopo kati ya upepo wa tairi na nje.

Umbo la rimu nalo lina maana kubwa katika kisa hiki. Ukiikata rimu kwa msumeno na kuitazama ubavuni, utaona katikati yake mfereji wenye kina cha milimita chache, kisha kila upande wa mfereji kuna ubapa mwembamba ambao ukingo wa tairi hukaa juu yake, na baada ya ubapa huo ndipo ukuta wa rimu unaposimama. Ubapa huo nitauita kikalio. Wakati wa kuvisha tairi, ukingo wake hulala mferejini ili upate nafasi ya kupita, na upepo unapoingia kwa nguvu ukingo huo hupanda ubavu wa mfereji, ukaruka na kutua kikalioni kwa mlio ambao kila fundi anaufurahia. Ni safari fupi ya milimita chache, lakini ukingo unaisafiri ukiikwaruza tepu.

Mara ya kwanza gurudumu hili liliponifikia, mapema Julai, nililifungua na kukuta tepu ya upana wa milimita 25 iliyoanza kujikunja pembeni. Nilipima rimu kwa kalipa, kile kifaa chenye taya mbili cha kupimia upana, kutoka ukuta hadi ukuta na kupata milimita 30 kamili, nikaona jibu liko wazi: tepu ni nyembamba mno kwa rimu hii, iwekwe ya milimita 30. Mabaki ya gundi ya zamani niliyaondoa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kama nilivyofundishwa na kama wanavyofanya mafundi wengi wa mji huu, nikapangusa kwa kitambaa kikavu, nikazungusha tepu mpya, nikavisha tairi, nikamimina dawa na kulijaza papo hapo. Ilikuwa asubuhi, na anayeijua Arusha ya Julai anajua kwamba asubuhi hiyo vidole vinauma kwa baridi. Kazi ile ilidumu siku tisa.

Mara ya pili nilifanya kosa ambalo naliona ni kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa lilikuwa kosa la kufikiri. Nililijaza tairi, nikapaka maji ya sabuni rimu nzima, na mapovu yakatokea kwenye shina la vali, pale linapotoka rimuni. Nikahukumu kwamba vali ndiyo mbovu. Nilibadilisha vali kwa kuivuta kupitia upande mmoja wa tairi uliofunguliwa, nikaongeza dawa, nikakaza nati, mapovu yakakoma, nami nikampa kijana baiskeli yake kwa kujiamini. Baada ya siku nne alirudi na kuniambia, "Fundi, tairi limepumzika tena." Safari hii mapovu yalitoka kwenye vinati vitatu vya upande wa pili kabisa wa gurudumu, mbali na vali, na pia kwenye kitundu kidogo cha kutolea maji.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nalijua siku zote bila kulitumia. Rimu ni bomba lenye uwazi unaozunguka gurudumu zima. Upepo ukishapenya chini ya tepu na kuingia katika tundu moja la spoku, hauna sababu ya kutokea hapo hapo, kwa maana unaingia katika uwazi huo, unatembea kokote, na kutoka pale penye upenyo mkubwa zaidi, pawe penye nati ya vali iliyolegea, penye kinati kisichobana vizuri au penye kitundu cha maji. Mapovu, basi, yanathibitisha kwamba tepu inavuja, lakini hayaonyeshi inavujia wapi. Kwa kukaza nati ya vali nilikuwa nimefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango 32 mingine, na mwizi alikuwa bado yumo ndani.

Kijana, kwa upande wake, alikuwa na maelezo yake. Alisema kila akishuka kutoka Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hadi Natron, ulio karibu na mita 600, tairi linapungua, kwa hiyo huenda ni hewa ya bondeni. Maelezo hayo hayakuwa ya kudharauliwa. Hewa ya bondeni ni nzito zaidi, na kipimo cha pampu husoma tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, hivyo kushuka mita 800 hupunguza namba kwenye kipimo kwa zaidi kidogo ya PSI 1 (PSI ni kizio cha presha ya upepo). Lakini joto la bondeni hufanya kinyume chake na kuiongeza namba hiyo, na zaidi ya hayo nilikuwa nimelilaza gurudumu usiku mmoja karakanani, bila kulishusha popote, likiwa na PSI 28 saa mbili usiku, na asubuhi likasoma 17. Bonde liliachiwa huru.

Mara ya tatu nililifungua gurudumu taratibu, nikiwa nimeamua kutosafisha chochote kabla ya kutazama, na nadhani uamuzi huo ndio uliokitatua kisa. Chini ya tepu ya milimita 30 nilikuta utando mweupe wa dawa. Karibu na ukingo wa tepu ulikuwa bado mbichi na unanata, na kadiri ulivyosogea kuelekea matundu ya spoku ulikuwa umekauka na kuwa ngozi ya mpira. Njia ya uvujaji ilikuwa imejichora yenyewe. Ilianzia ukingoni, kwa urefu wa kama sentimita 40, na kuishia kwenye matundu matatu yaliyofuatana. Eneo hilo halikuwa karibu na vali wala karibu na vile vinati vilivyotoa mapovu.

Mambo mawili zaidi yalionekana. La kwanza, ukingo wa tepu ulioinuka ulikuwa wa upande wa kushoto tu, upande wa diski ya breki, ambao ndio mimi na kijana tunaoufungua kila mara tunapobadilisha tairi au kuongeza dawa, na palikuwa na alama mbili za kijiti bapa cha kutolea tairi. Ukingo wa kulia, ambao haukuwa umeguswa tangu siku ya kwanza, ulikuwa umelala vizuri. La pili, tepu haikuwa katikati. Nilikuwa nimeiyumbisha, kiasi kwamba upande wa kulia ilifika hadi ukutani na upande wa kushoto ikapungukiwa karibu milimita 3.

Je, tepu ya milimita 30 inawezaje kupungukiwa katika rimu ya milimita 30? Nilichukua ukanda wa karatasi, nikaubonyeza kwa kidole ufuate umbo lote la rimu, kutoka chini ya ukuta mmoja, juu ya kikalio, kushuka mferejini, kupanda tena hadi ukuta wa pili, nikaukunja alama na kuupima ukiwa umenyooshwa. Ulikuwa milimita 32 na nusu. Kalipa hupima kamba iliyonyooshwa juu ya bonde, na tepu inalazimika kushuka bondeni na kupanda. Kwa hiyo hata kama mkono wangu usingeyumba hata kidogo, tepu ya milimita 30 ingeacha zaidi ya milimita 1 kila upande, na ukingo wake ungekuwa umelala wazi juu ya kikalio, palepale ukingo wa tairi unapopita. Ile ya milimita 25 ya fundi wa kwanza ilikuwa katika hali mbaya zaidi, kwa sababu ilipanda kikalioni kwa milimita 1 hivi na kuishia kwenye mdomo wa mfereji, ambako tairi linaikwaruza kwa nguvu yote.

Hapa ndipo inabidi nipinge imani ambayo nimeisikia kwa mafundi wengi, nami nilikuwa mmoja wao, kwamba tepu inayobanduka imebanduka kwa sababu gundi yake ni dhaifu. Hebu tufikiri nguvu zinaelekea wapi. Tundu la spoku lenye kipenyo cha milimita 9, katika tairi lenye PSI 28, linabeba mzigo wa takriban kilo moja na robo, na mzigo huo unaisukuma tepu kuelekea rimuni. Upepo wa tairi, maana yake, unaigandamiza tepu. Gundi haivutwi na chochote, na kinachohitajika juu ya tundu ni uimara wa plastiki yenyewe isitumbukie. Hali hiyo inadumu mradi chini ya tepu hakuna kitu. Dawa ikishapata mwanya ukingoni, inaingia ikiwa na presha ile ile iliyo juu ya tepu, na sehemu hiyo nguvu ya juu na ya chini zinalingana, ule mgandamizo unatoweka, na sasa gundi peke yake ndiyo inayoshika dhidi ya maji yenye utomvu yanayosukumwa kuelekea tundu lisilo na presha. Hakuna gundi ya tepu iliyotengenezwa kwa vita hivyo. Swali la kuuliza ni nani aliyeufungua ukingo, na katika gurudumu hili alama za kijiti na upande ulioinuka zilikuwa zimeshajibu.

Lakini bado gurudumu la mbele lilikuwa likinisumbua akilini. Lilikuwa na rimu ile ile, tepu ile ile ya milimita 25, limefungwa na fundi yule yule, na lilikuwa limekaa miezi mitano bila kulalamika. Nilipomuuliza kijana, akasema tairi la mbele halijawahi kutolewa, ila dawa huongezwa kwa sindano kupitia vali, wakati la nyuma, kwa kuwa huisha haraka kwenye changarawe, limeshabadilishwa mara mbili na kufunguliwa mara nyingine kadhaa. Maelezo hayo yalikaa mahali pake vizuri sana. Kila kufungua na kufunga ni mkwaruzo mwingine. Nilimwomba ruhusa ya kulifungua la mbele ingawa halikuwa na kosa, akakubali kwa shingo upande, na ndani tulikuta ukingo wa tepu umeanza kujikunja sehemu yenye urefu wa kiganja, bila dawa kufika kwenye tundu lolote. Lilikuwa njiani.

Mafuta ya taa nayo sikuyasahau, maana ilikuwa rahisi kuutupia upana lawama zote na kuuficha uzembe wangu wa usafi. Nilichukua rimu chakavu, nikaigawa sehemu mbili. Moja niliipangusa kwa mafuta ya taa na kitambaa kikavu, kama nilivyofanya Julai, na nyingine niliiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikaikausha, kisha nikaipangusa kwa spiriti ya kusafishia vidonda. Nikabandika vipande vya tepu ile ile na kuviacha hadi kesho yake. Kipande cha mafuta ya taa kilibanduka kwa vidole viwili, polepole, bila ubishi. Kile cha sabuni na spiriti nilikitafuta kwa ukucha na kilitoka kikilia. Mafuta ya taa huacha ngozi ya mafuta isiyoonekana kwa macho, na petroli inaweza kufanya hivyo pia, ingawa zote mbili zinayeyusha gundi ya zamani vizuri na sioni sababu ya kuziacha kwa kazi hiyo, ilimradi sabuni na spiriti vifuate. Njia ya kuhakikisha ni ya bure: nyunyiza maji kidogo kwenye rimu. Yakitandaa kama ukurasa, chuma ni safi, na yakijikusanya matone, mafuta bado yapo.

Kwa mizani yangu, basi, upana ndio ulioifungua tepu na mafuta ya taa ndiyo yaliyoharakisha kubanduka baada ya kufunguka. Tofauti ya muda inaniunga mkono kwa kiasi: tepu ya kwanza, nyembamba zaidi, ilidumu miezi mitatu na zaidi, na ya kwangu, pana zaidi lakini iliyobandikwa juu ya mafuta na katika baridi, ilidumu siku tisa. Gundi ya tepu hizi inahitaji joto kidogo na muda ili ilainike na kujaza mikwaruzo midogo ya alumini, na mimi sikuipa hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kazi ya tatu niliifanya alasiri, baada ya kuiacha rimu juani kwa nusu saa ili ipate joto na unyevu ukauke ndani ya matundu. Nilitumia tepu ya milimita 34, ambayo kwa kipimo cha karatasi ilikuwa na ziada ya milimita 1 na nusu, yaani chini ya milimita 1 ya kupanda ukutani kila upande. Pana zaidi ya hapo ni kujitafutia shida nyingine, kwa kuwa tepu ikipanda ukuta hadi juu hukunjamana, na katika mikunjo hiyo ukingo wa tairi hauwezi kuziba. Nilianza sentimita 8 kabla ya tundu la vali na kumaliza sentimita 8 baada yake, ili palepale penye vali, ambapo tepu itatobolewa, pawe na matabaka mawili. Kwingine kote niliweka tabaka moja tu. Mafundi wengine huzungusha mara mbili wakiamini kwamba wingi ni uimara, ila ukingo wa tairi hautanuki, na kila tabaka lenye unene wa milimita 0.15 huongeza mzingo wa rimu kwa karibu milimita 1. Katika tairi lililokuwa likivishwa kwa mikono mitupu, milimita hiyo inatosha kukulazimisha kushika kijiti bapa, na kijiti hicho ndicho kilichotufikisha hapa.

Kuvuta tepu ndiko kunakohitaji mkono wa mazoea. Ikivutwa kidogo inaacha mikunjo, na ikivutwa mno inataka kunyooka, ikaning'inia juu ya mfereji kama ngozi ya ngoma badala ya kulala ndani yake. Niliivuta kwa nguvu ya wastani, sentimita 20 kwa mara moja, dole gumba likiishusha kwanza katikati ya mfereji, kisha kitambaa kikiisugua kutoka katikati kwenda pembeni, hadi viputo vya hewa vikaisha na sura ya kila tundu ikajitokeza. Tundu la vali nililitoboa kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka huacha duara lenye mdomo mgumu, ilhali wembe huacha pembe nne ambazo zinasubiri kuchanika. Kisha nikavisha tairi kwa maji ya sabuni, nikiwa nimeweka tyubu ndani, nikalijaza PSI 35 na kulilaza hadi kesho. Tyubu ile kazi yake ilikuwa kuibonyeza tepu sawasawa kwa saa nyingi bila kuwapo hata tone la dawa la kujipenyeza. Asubuhi nilifungua upande mmoja tu, wa kulia safari hii, nikaitoa tyubu, nikaweka vali na kukaza nati yake kwa vidole, nikamimina mililita 110 za dawa na kurudisha tairi kwa viganja.

Gurudumu lilisoma PSI 28 siku ya kwanza na 26 baada ya juma moja, upungufu ambao tairi zima lolote la tyublesi linaruhusiwa kuwa nao. La mbele tulilifunga upya kwa namna ile ile mwezi Oktoba, wageni walipopungua. Tangu hapo kijana amebadilisha tairi la nyuma mara moja akiwa porini, kwa mikono, na aliporudi tulifungua pamoja kutazama ukingo wa tepu upande alioutumia. Ulikuwa umelala. Ule ukanda wa karatasi ninao bado, umetundikwa kwenye msumari juu ya meza ya kazi, umeandikwa kwa kalamu ya wino "30 = 32½", na kila rimu ngeni inayoingia sasa inapata ukanda wake kabla sijafungua sanduku la tepu.